Somo Langu la "Sorry" Matangani

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Ruiru, na mdomo wangu haujui kupumzika. Juzi tulienda Gatongora kumpa pole Mama Njeri, jirani aliyefiwa na mumewe. Wenzangu walisema pole, wakaketi kimya chini ya hema. Mimi nilikaa kando yake nikaanza somo.

Nilimweleza kwamba neno "sorry" lilitokana na neno la kale la Kiingereza lililomaanisha maumivu, ya kidonda na ya moyo pia. Watu hudhani ni ndugu wa "sorrow", yaani huzuni, kumbe ni majirani tu. Siku hizi tunalisema hata tukikanyaga kiatu cha mtu.

Mama Njeri akainamisha kichwa, akaniegemea begani. Nikajua maneno yamemgusa. Nikaongeza sauti, nikaongeza historia.

Halafu akakoroma.

Hema zima lilisikia. Nikanyamaza, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Njeri, bintiye, akaja mbio, akaninong'oneza.

"Ngai wangu, madam, usinyamaze! Tangu baba atuache, mama hajapata usingizi. Endelea tu, tafadhali."

Miaka yote wanafunzi wakilala darasani nawagombeza. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa kipaji changu, nikalianza somo upya, polepole.