Mtani Wangu wa Kilimani

Siku tuliyomzika baba yangu kule Songea, mtani wetu wa Kihehe aliruka akalala kaburini kabla jeneza halijashushwa. "Sitoki!" akasema. "Mngoni huyu alinikimbia vitani, leo nimemuwahi." Tulicheka huku tunalia. Mama akampa jogoo, akatoka, akajipangusa udongo, na yeye ndiye aliyeshika koleo zaidi kuliko ndugu wote mpaka kaburi likajaa. Kwetu ndivyo. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe huruhusiwi kununa, kwa sababu akishamaliza anakubebea mzigo. Yule jogoo alikuwa mkali, aliwahi kumdonoa padri, lakini hayo tuyaache.

Sasa nakaa ughaibuni, Burnsville, kwa mwanangu. Wajukuu nawasalimia Kiswahili, wananijibu Kiingereza, halafu wanakwenda shule, wazazi wao kazini, nabaki na friji inayonguruma. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kilima cha kuteleza juu ya theluji, nilifurahi kama nimeoa upya. Kazi yenyewe ni kusimama chini, penye kamba inayowavuta watoto kupanda, na kuisimamisha mtoto akianguka. Aliyenipeleka ni mzee mwenzangu niliyekutana naye hukuhuku, Mhehe, naye alifanya kazi hapohapo. Gari ni lake. Kila asubuhi alikuwa ananiita: "Panda, mkimbiaji!" Nami namjibu: "Endesha, na hizo hasira za Kihehe uziache hapa mlangoni."

Mwisho wa baridi theluji haina msimamo. Mchana jua linaifanya uji, usiku inaganda, asubuhi unakuta kioo. Pembeni mwa kilima nyasi za kahawia zilishatokea, na ile theluji ya kutengenezwa kwa mashine ilibaki utepe tu katikati. Bosi akatuambia watu wamepungua, kwenye kamba atabaki mmoja wetu mpaka theluji iishe.

Asubuhi iliyofuata nikakanyaga hicho kioo, nikaenda chali. Msimu mzima sikuanguka ila siku hiyo. Bosi akaja mbio. Mtani wangu akamwambia kwa Kiingereza, huku anacheka, kwamba mzee huyu huanguka kila siku, na macho yake hayamwoni mtoto hata akiwa miguuni pake. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hayo niliyaelewa. Nikacheka sana, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Ningenunaje? Bosi hakucheka. Akaniuliza tena, taratibu, kama ni kweli. Nikaitikia tena, maana mtani humalizia mwenyewe.

Bosi akaniomba kwa upole nivue lile koti jekundu la kazi, nikapumzike nyumbani. Kamba akamwachia mwenzangu, akaondoka.

Nikamtazama mtani wangu. Nilikuwa bado nasubiri atoke kaburini.

"Haya, mkimbilie umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikuwa unatania."

Akainama, akawa anakwangua barafu kwenye buti lake. "Mzee, wewe una mwana anakulisha. Mimi nina nani?"

Angeniomba, nadhani ningemwachia. Au nisingemwachia, sijui. Lakini hakuniomba.

Nikalitundika koti kwenye nguzo ya kamba.

"Wee mkimbiaji! Subiri saa ya kutoka nikurudishe, kwa miguu ni mbali!"

Nilishaanza kutembea. Barafu ilikuwa inageuka uji, viatu vinazama. Sikugeuka, na kilima kile sijakikanyaga tena.