Keshi Atsbeha alikuwa ameshakula

Keshi Atsbeha ni padri, na kama mapadri wetu wengi ni mkulima vilevile. Akitoka shambani anavaa kilemba cheupe, anapanda jabali pekupeku kwenda kufungua kanisa letu lililochongwa ndani ya mwamba. Huyo ndiye aliyewabatiza watoto wote wa kijiji.

Mimi huongoza wageni, na Jumanne nilimpelekea mmoja, Marek, mpiga picha kutoka Poland. Siku ile Keshi hakuwa na ibada. Mkewe akatuwekea kahawa na shayiri ya kukaanga. Marek akamsogezea Keshi sahani. Sasa utamkatalia mgeni nyumbani kwako? Akala.

Kisha tukapanda kanisani. Kule juu njia ni nyembamba, na Marek akaanza kutetemeka.

"Mwambie asiangalie chini," Keshi akaniambia. "Chini hakuna alichosahau."

Marek alikuwa ndani anapiga picha malaika waliochorwa darini tulipowasikia watu wanahema nje. Ni Letay, amembeba binti yake mchanga mgongoni, na nyuma yake mama yake, Abrehet.

"Abba, mbatize. Sasa hivi. Tangu jana anaungua, hanyonyi," Letay akasema.

Kwetu mtoto wa kike hubatizwa akifika siku themanini. Huyu hajafika, lakini mtoto akizidiwa padri hangoji. Akifa bila ubatizo hazikwi kwenye uwanja wa kanisa. Hilo Letay hakuhitaji kulisema.

Keshi akarudi nyuma. "Nimekula."

"Umekula nini?" Letay akauliza.

"Shayiri. Na kahawa."

Abrehet akapandisha sauti. "Mtoto anakata roho, we unatuletea habari za kahawa!"

"Mama, padri habatizi akiwa amekula. Unajua. Nendeni kwa mwenzangu ng'ambo ya bonde."

"Ng'ambo tutafika jioni. Mwangalie kwanza!"

Letay akafungua mbeleko. Mtoto wala hakulia.

Marek akaniuliza wanabishania nini. Nikamwambia ukweli: ile shayiri uliyomsogezea. Akashusha kamera.

Keshi akaenda ukingoni mwa jabali, akajitia vidole kooni. Yakatoka mate tu.

"Abba," Abrehet akasema, safari hii polepole, "Mungu anatafuta shayiri tumboni mwako?"

Keshi akanawa, akajaza maji kwenye bakuli la jiwe, akaomba huku sauti inamkatika. Akammiminia mtoto mara tatu, akamwita Welete Selassie. Mtoto akapiga ukelele. Letay akacheka na kulia kwa pamoja.

"Mteremsheni zahanati," Keshi akawaambia. "Mbio. Mimi si daktari."

Jumapili nikamkuta amesimama anaomba nje ya ukuta wa kanisa, pamoja na wale waliokula asubuhi, ambao kwetu hawaingii ndani. Wazee wamemsimamisha kazi mpaka askofu aamue. Na aliyemshtaki? Yeye mwenyewe! Nikawaka.

"Ulijishtaki kwa nini, Abba? Nani angekusema? Abrehet? Yule Mpolandi?"

"Letay angekaa maisha yake yote anajiuliza kama ubatizo ule ni ubatizo. Nimewauliza hilo moja tu. Wamesema mtoto amebatizwa."

"Na wewe je?"

"Mimi nitangoja." Akanishika mkono. "Umeongea na Letay? Mtoto ameanza kunyonya?"

Simu ya Letay ilikuwa haipatikani tangu juzi. Nikamwambia sijui.

Akageukia ukuta, akaendelea kuomba.