Sauti ya Mama Ndani ya Diski

Mama alipopata kiharusi, alirudi nyumbani kutoka hospitali ya Longisa akitembea, lakini bila maneno. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye laptopu yangu, katika video ya harusi ya dada yangu, akiwaombea maharusi. Kila jioni, Mama akishalala, Baba alivuta kiti karibu nami. "Weka mama." Nami naweka.

Halafu laptopu ikaanza kuganda. Diski yake ya SSD, inayohifadhi kila kitu, niliinunua kwa sababu ya bei, na urahisi wake umenitokea puani. Nikajaribu kunakili vitu vyangu kwenye flashi. Vyote vilikubali isipokuwa video hiyo; ikifika katikati, inakwama. Hiyo moja tu, jameni!

Fundi mmoja wa Kericho akaniambia watengenezaji wametoa firmware mpya, yaani programu inayoendesha diski yenyewe, ya kutibu ugonjwa huo huo. "Hakikisha ni ya modeli yako. Na stima ikipotea katikati, sahau hiyo diski." Nilimkasirikia kana kwamba stima ni yake.

Kwetu mvua ya mchana ikianza, stima nayo huenda. Kwa hiyo niliiweka hiyo firmware asubuhi, betri imejaa, chaja iko kwa ukuta, modeli nimeikagua tena na tena. Baba hakwenda kuchuma chai. Alisimama nyuma yangu akihema.

"Kwani bado?"

"Baba, tafadhali, usiguse meza."

Mstari wa kijani kwenye skrini ulisonga, ukasimama. Niliogopa, sitaficha. Ukasonga tena, ukaisha. Nikazima, nikawasha, diski ikaonekana. Kabla ya kufurahi nikainakili ile video kwenye flashi, na safari hii ikaingia yote.

"Weka mama!" Baba akasema. "Ongeza sauti!"

Nikaongeza. Tulisahau kwamba Mama yuko macho, jikoni. Alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza sala yake mwenyewe. Midomo ikaanza kuifuata. Kilichotoka ni "a... a..." tu. Akaja hadi mezani, akaifunga laptopu kwa kiganja, kisha akamtazama Baba na kujipiga kifuani, mara mbili.

"Ni kweli," Baba akasema. "Uko hapa."

Jioni hiyo Baba hakuja kwangu. Alipeleka kiti jikoni akaketi na Mama hadi Mama alipokwenda kulala. Flashi ninayo mfukoni mpaka leo, na sijui nimpe nani.