Kabureta Mbili za Marehemu Kaka

Pikipiki ilipiga kelele kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Fundi Taratibu akakurupuka, akazima kwa ufunguo, akabaki na bisibisi mkononi, ametumbua macho.

Hakuelewa. Skrubu ya kupunguza mlio ameilegeza mpaka mwisho. Jeti, zile pua ndogo za kupitishia petroli, amezipuliza moja moja na kuzitazama juani, kila tundu linapitisha mwanga. Na bado, ukipiga kiki tu, injini inapanda mpaka juu, na hakuna aliyegusa akseli.

"Shemeji," mke wa marehemu kaka yake aliita kutoka mlangoni, "hiyo unaitengeneza au unaichinja?"

"Inatengenezeka."

"Kabla ya saa kumi?"

Taratibu akainamisha kichwa. Saa kumi alikuwa anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye pikipiki kuukuu huzikatakata akauza vipande. Shemeji alikuwa mkunga, akiwazungukia wajawazito majumbani kwa pikipiki hiyo. Mwezi huu ilikuwa imemzimikia njiani mara tatu, naye alisema wazi: isipotulia leo, inaondoka. Taratibu hakumbishia; kubishana hakujaliwa. Lakini ufundi wenyewe aliujifunzia kwenye pikipiki hiyo, kaka yake amechuchumaa pembeni akimwonyesha jinsi ya kupuliza jeti kwa mdomo. Kuiona inakatwa vipande asingeweza.

Kabureta zilikuwa mbili, kila silinda na yake, na vitu vya ndani vilifanana kama mapacha. Kwa hiyo Taratibu alikuwa na utaratibu wake: vifuniko viwili vya makopo ya rangi. Cha goti la kushoto, vitu vya kushoto. Cha goti la kulia, vya kulia. Miaka ishirini haujamwangusha. Jana asubuhi alifungua, vitu vikalala kwenye petroli, leo mchana akafunga. Sasa kosa liko wapi?

Akahisi hewa inavuja. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio; povu likakaa vilevile. Akashuku boya la kupimia petroli ndani ya kabureta, boya likawa zima. Akawaza labda injini imechoka, kisha akawaza labda aliyechoka ni yeye.

Shemeji akatoka na ndoo. "Sogea nipite. Jana umeniziba kule, leo umeniziba huku. Wewe ni fundi au ni komeo?"

"Jana nilikaa wapi?"

"Kule mbele, mnatazamana na taa. Si ndiko kulikokuwa na kivuli? Jamani, uzee umeshakupigia hodi!"

Taratibu akayatazama magoti yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Jana alikaa ameikabili pikipiki; leo, kivuli kilipohama, amekaa nyuma yake. Kushoto kwake kwa jana ndiko kulia kwa pikipiki! Vile vizibo viwili vinavyopandishwa na waya wa akseli, kila kimoja kilikuwa kimeingia nyumba ya mwenzake. Mkato wa kila kizibo wa kupitishia hewa, uliopaswa kutazama chujio, ukawa unatazama injini, nayo injini ikavuta kana kwamba akseli imefunguliwa.

Akavibadilisha. Kiki ya pili injini ikashika, ikashuka, ikatulia, ikawa inahema polepole kama mtoto aliyeshiba.

Mnunuzi akaingia uani papo hapo. Akasimama, akasikiliza.

"Kumbe nzima! Basi siikati, mama. Naichukua hivihivi, mtu wa kuipanda ninaye."

Taratibu akachanganyikiwa upya. Ameiponya isikatwe, na sasa inaondoka kwa sababu ameiponya. Alimtazama shemeji, shemeji alikuwa anapima bei kichwani.

"Haiuzwi," alisema Taratibu.

Hata mwenyewe alishtuka.

"Heee! Shemeji, tangu lini ni yako?"

"Si yangu." Masikio yalimwaka moto. "Lakini haiuzwi."

"Mama," mnunuzi akauliza, "nimsikilize nani hapa?"

Shemeji akaingia ndani, akarudi na mkoba wa kazi, akaufunga kwa mpira nyuma ya kiti.

"Tangu niolewe ukoo huu sijamsikia huyu akimbishia mtu," akasema. "Msikilize yeye."

Akapanda, akaitoa getini, akaenda zake. Taratibu akabaki uani na mgeni, hajui amkaribishe kiti au amwombe radhi.