Yai la Chumba Namba Saba

Kwa miaka thelathini na mbili Noelene Zarb aliwalisha watu asiowajua sura. Moteli yetu hapa Mackay, Australia, kando ya barabara kuu iendayo Cairns, ilijengwa kama zilivyojengwa zote za zama zile: vyumba kumi na vinne kwa safu, gari mlangoni, na ukutani mwa kila chumba kishubaka chenye vimilango viwili, kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Jioni mgeni anaweka alama kwenye kadi ya kifungua kinywa na kuitundika mlangoni. Asubuhi sinia linaingizwa kwa nje, unagonga mara mbili, unakwenda zako. Mgeni analichukua akiwa na nguo zake za kulalia, nywele timutimu, na hakuna wa kumwona.

Noelene aliingia jikoni mle baada ya kufiwa na mumewe, mkata miwa wa Kimalta. Mafuta ya soseji yalimwachia kovu refu mkono wa kulia. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: alizisoma zile kadi kama wengine wanavyosoma barua za nyumbani.

"Huyu wa namba nne soseji nne, dereva wa lori huyo. Lakini huyu wa tisa chai na tosti moja. Mtu mzima, tosti moja! Ana lake jambo."

Kisha anatia yai. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Nayajua haya kwa sababu mwaka 1984 tosti moja ilikuwa yangu. Nilimkimbia mume, shavu limevimba, mtoto wa miezi minane mgongoni, nikajifungia namba saba. Kilio cha mwanangu kilifika mpaka jikoni. Asubuhi sinia likaja na mayai mawili, ndizi iliyopondwa na maziwa ya moto. Kwa haraka yangu nilifungua kimlango cha ndani kabla cha nje hakijafungwa, ushamba wa wageni wote, nikaona mkono wenye kovu.

"Sikuagiza yai," nikasema.

"Najua. Kula."

Siku ya nne mkono uleule ukaniuliza kama najua kupiga pasi mashuka. Sijaondoka hadi leo. Namshukuru mama yule kila ninapomwona mwanangu amesimama wima.

Baadaye Des, mwenye moteli, akajiunga na Palmway, wale wenye moteli za jina moja pwani nzima. Tukapewa bango la kijani na taulo za kipimo kimoja. Wageni waliongezeka, sisemi uongo, maana kitabu chao cha njiani kilikuwa kwenye kila gari. Ila wakaguzi wao walikuja kimyakimya kama wageni. Mmoja akalala namba kumi na moja, akaagiza chai na tosti moja.

"Maskini," akasema Noelene, akatia yai.

Barua ikaja baada ya wiki mbili. Sinia halikulingana na kadi. Mpishi aondolewe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo bango litoke.

Des alikuwa mtu wa kukata sabuni za wageni nusu kwa nusu. Nilijua Noelene kwisha kazi.

"Niahidi tu hutarudia," Des akamwambia pale jikoni. "Niwaandikie, yaishe."

"Kuahidi naweza, bosi. Lakini nitakuwa nakudanganya."

"Yai, Noelene! Unafukuzwa kazi kwa yai!"

"Basi mtafute anayejua kuhesabu."

Mimi na mashuka yangu mikononi, maneno yakanitoka. "Akiondoka yeye, hizi pasi utapiga mwenyewe."

"Na wewe nani kakuita?"

Akatoka, mlango ukajibamiza. Noelene akaanza kukunja aproni yake polepole, na mimi nikalia bila haya kwenye mashuka safi. Mara tukasikia bati likikwaruza huko nje. Tukakimbia. Des yuko juu ya ngazi penye bango la kijani, spana mkononi, anaitukana kila nati.

"Mnatazama nini? Shikeni ngazi, nisije nikavunjika shingo kwa ajili ya yai!"

Miaka miwili ilikuwa migumu, vyumba vikilala vitupu. Madereva wa malori ndio waliotubeba. Bango la kijani likawa paa la banda la kuku wa Noelene, na kuku hao hao ndio waliotaga mayai ya moteli.

Alipostaafu, Des alimpa zawadi ya kulala chumba chochote atakacho, maana miaka yote ile hakuwahi kulala hata kimoja. Akachagua namba saba. Zamu ya jikoni ilikuwa yangu. Nikaichukua kadi yake mlangoni, nikaisoma: chai, tosti moja. Nilicheka, kisha macho yakanijaa machozi.

Nikakaanga mayai mawili. Nikaingiza sinia, nikagonga mara mbili. Na yeye, mwenye ujuzi wa miaka thelathini na mbili, akafungua cha ndani kabla sijafunga cha nje. Mkono wenye kovu ukashika sinia, ukasita.

"Sikuagiza yai."

"Najua, mama," nikamwambia. "Kula."