Fimbo Isiyopaswa Kugusa Chini

Nilipokuwa mtoto, niliamini kanisa letu linapumua. Lilikuwa, na bado liko, kanisa dogo la Kilutheri juu kidogo ya Kanyakine, lote la mbao za muuru, ule mti mgumu wa kwetu Meru. Babu yangu alikuwa mmoja wa waliolijenga. Nguzo walizifunga kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja, na paa wakalisimamisha wima ili maji ya mvua yasipate pa kukaa. Jua likipanda, mbao zilitoa milio midogo taratibu, nami nikilala kwenye benchi nikizisikiliza hadi usingizi unanichukua.

Cucu, nyanya yangu, ndiye aliyelifagia kila Jumamosi. Alimwamini Yesu kabisa, na aliamini pia kwamba kila mti mkubwa una mwenyewe, roho anayeishi ndani yake. Kwa hiyo nguzo ya mlangoni ilipoliwa na mchwa, na fundi akasema ataibadilisha, cucu alikosa raha. Aliegemeza fimbo kwenye nguzo ile tangu asubuhi, ili mwenyewe ahamie humo, kisha akanikabidhi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Mimi, wa miaka minane, ilinibidi niipeleke kwa fundi ng'ambo ya kijito, niiegemeze kwenye nguzo mpya, halafu nimrudishie cucu.

"Isiguse chini, umeskia Kendi? Ikigusa, huyo mwenyewe atakosa nyumba."

"Nimeskia, cucu."

Kijitoni nikashikwa na kiu. Niliilaza fimbo kwenye matope, nikanywa kwa viganja viwili, nikachezea maji kidogo. Kwa fundi niliiegemeza kwenye nguzo mpya, na niliporudi nyumbani, cucu aliniuliza kama imegusa chini. Nikasema haikugusa, macho makavu.

Jumapili ya kwanza baada ya nguzo mpya kusimamishwa, katikati ya sala, kanisa lililia. Mlio ulianzia mlangoni ukapanda hadi darini, mrefu, na mchungaji akainua macho. Fundi alisema ni mti mbichi unajipanga. Cucu aliinuka, akatoka, akaketi kwenye benchi la veranda, na tangu siku hiyo hakukaa ndani tena. Hata Meza ya Bwana aliletewa huko nje. Watu walidhani ni magoti. Mimi nilidhani anajiadhibu kwa kosa langu, kwenye baridi ile ya Julai inayoshuka kutoka mlimani, na nilijichukia. Hata hivyo mdomo haukufunguka.

Nilimwambia nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa tunachambua njahi, yale maharagwe meusi, mlangoni kwake.

"Cucu, ile fimbo niliweka chini."

"Si nilijua," akasema bila kuinua macho. "Ulirudi na fimbo iko na matope."

"Sasa mbona ukakaa nje miaka hii yote, na makosa ni yangu?"

"Makosa gani? Yeye alikosa nyumba. Angekaa huko nje na nani?"

Nililia. Yeye akaendelea na njahi zake.

Cucu hayupo tena, na wazee wa kanisa wameanza kuzungumzia jengo la mawe. Najua mbao hulia kwa jua na unyevu. Wanangu nimewaeleza hivyo hivyo. Lakini kila Jumapili mimi huchelewa kidogo kuingia. Huketi kwanza kwenye lile benchi, mwishoni kabisa, nikiacha nafasi ya watu wawili kati yangu na nguzo.