Dawa Niliyoisoma Nusu

Ilianza Jumapili, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha kwenye redio ya kaka, na baba akaita kutoka zizini, "We mtoto! Njoo unisomee hapa."

Nilikuwa ndani na fomu ya machaguo mapajani. Sisi kidato cha nne tulikuwa tumepewa wiki moja kuzijaza, na Jumatatu ndiyo ilikuwa mwisho. Kuna nafasi tatu za kuandika unataka kusomea nini ukimaliza. Ya kwanza nilikuwa nimeandika ualimu, nikafuta, nikaandika uuguzi, nikafuta, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Nilichokitaka nilikuwa sijakiandika hata mara moja. Nilitaka kusomea mifugo. Niwe daktari wa ng'ombe. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama, kwa sababu kwetu mambo ya zizi ni ya wanaume, na mimi ni yule ambaye mwalimu akimwuliza swali anajua jibu, lakini anainama kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Nikaiacha fomu, nikaenda.

Baba na kaka walikuwa wamelifunga lango la zizi kwa miti. Kaka alikuwa amebeba mgongoni lile bomba la kupulizia pamba. Kupe walikuwa wamezidi mwaka huo. Josho la kijiji lilikuwa limekauka kabisa, mbuzi wanalala humo, tangu serikali ilipoacha kuleta dawa ya kuogesha ikasema kila mfugaji ajinunulie. Bwana mifugo wetu naye alikuwa amepunguzwa kazini, akafungua duka la dawa huko mjini Bariadi. Dawa yake bei juu. Lakini dawa ya pamba ilikuwepo ndani, kwa sababu siku hizi kampuni za watu binafsi zinanunua pamba na zinaleta dawa mpaka mlangoni. Ndiyo watu wakaanza kusema, mdudu ni mdudu tu.

Baba akaninyooshea chupa. "Wameandika Kizungu. Wanasemaje?"

Niseme ukweli, maana nisipousema kwenye daftari langu nitausema wapi. Niliisoma yote kimoyomoyo. Ilisema inaua funza wa pamba. Ilisema ikimwagikia mtu ngozini aoshwe haraka kwa sabuni na maji mengi. Na chini, kwa herufi ndogo, ilisema isitumike kwa wanyama. Nilielewa kila neno. Nikafungua mdomo, na kaka akacheka, "Angalia, daktari anatafakari! Soma basi, jua linapanda."

Nikasema, "Inaua wadudu, baba."

Basi. Maneno matatu. Nikarudi ndani mbio, uso unaniwaka, nikajiambia baba anajua kazi yake, amefuga kabla sijazaliwa, na mimi ni nani hata nimwambie mwanamume asipulizie ng'ombe wake.

Saa nne hivi mama alipiga ukelele ambao sijawahi kumsikia akiupiga. Nikatoka. Maksai mmoja, yule mwekundu wa kulimia, alikuwa amepiga magoti kama anayetaka kunywa maji, na hapakuwa na maji. Mate yalimtoka mdomoni kama kamba. Mwili mzima ulikuwa ukitetemeka, ngozi inaruka yenyewe. Mwenzake akayumba, akagonga uzio, akaanguka. Yule ng'ombe wa maziwa alikuwa anaharisha huku amesimama, macho yamemtoka, anatutazama. Sikujua ng'ombe anaweza kumtazama mtu hivyo.

Kaka alisimama tu, bomba bado liko mgongoni. Baba alikuwa anamshika maksai masikio, anamwita kwa Kisukuma kama anavyowaita kwenye jembe, "Haya, simama, simama baba."

Ndipo nikajisikia napiga kelele. "Sabuni! Waoshwe kwa sabuni na maji mengi! Kaka, vua hilo bomba, leta maji!"

Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Mama alileta vipande vya sabuni ya kufulia, tukabeba ndoo kutoka lamboni, tukawasugua mgongo, tumbo, katikati ya miguu, kote. Niliingia zizini na gauni langu la Jumapili. Kaka akapanda baiskeli kwenda mjini kumtafuta yule bwana mifugo wa zamani, akarudi akihema: duka limefungwa, Jumapili, mwenyewe kaenda Lagangabilili. Zamani angekuwa pale pale kijijini.

Tuliowaosha mapema walisimama, wakaendelea kutetemeka, lakini walisimama. Maksai wote wawili walikufa. Na yule wa maziwa naye akafa, ndama wake akiwa anamnyonya. Nilimvuta ndama kwa nguvu zangu zote, analia, mimi nalia.

Saa nane watu walianza kuja. Kwetu ng'ombe akifa, habari haitumwi, inafika. Walikuja na visu na mabeseni na ndoo, kama kawaida, kutupa pole na kugawana nyama. "Mwadila," wanasalimia. "Mhola," baba anajibu, anaangalia chini. Mama mmoja jirani alikuwa tayari amekunja kanga yake kiunoni na kuanza kunoa kisu kwenye jiwe. Watoto wamekaa pembeni, wanasubiri maini.

Nilimwangalia baba nikitegemea aseme. Hakusema. Hakujua. Nyama ilikuwa nzuri, imenona, na yeye alijua tu kwamba dawa imewazidi nguvu. Nilijua nikinyamaza tena, kesho watakaokufa hawatakuwa ng'ombe.

"Hiyo nyama isiliwe," nikasema.

"Nini?" akauliza yule mama, hajainua macho.

"Isiliwe! Ina sumu. Ifukiwe."

Wakacheka, wakamgeukia mama. "Ng'ombe watatu wazima wafukiwe? Mayu, binti yako sekondari inamfundisha uchoyo!" Mzee mmoja akaongeza, "Sisi vibudu tumekula tangu hujazaliwa, na meno tunayo." Kisu kikaendelea kunolewa.

Nikaenda nikasimama mbele ya maksai mwekundu. "Mnajua amekufaje? Ile dawa ni ya pamba, siyo ya ng'ombe. Imeandikwa kwenye chupa, isitumike kwa wanyama. Niliisoma asubuhi."

Kicheko kikakatika. Nikasikia baba nyuma yangu.

"Uliisoma?"

Sikugeuka.

"Asubuhi uliisoma hivyo? Kabla?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikuuliza."

"Ndiyo, baba. Niliogopa."

Nilisubiri fimbo. Ningeipokea. Baba aliketi chini, pale pale kwenye kinyesi na matope, mikono juu ya magoti, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mgeni. Yule mama alirudisha kisu kwenye beseni lake taratibu, akafungua kanga kiunoni.

"Leteni majembe," baba akasema.

Walichimba mpaka jua likashuka. Mimi niliwasubiri nikiwa nimemshika yule ndama, nikijaribu kumnywesha uji kwa kidole, na nilikuwa bado sijaamini kwamba neno moja lililobaki mdomoni mwangu lina uzito wa ng'ombe watatu.

Jumatatu nilimkuta baba zizini, anawahesabu waliobaki kwa macho. "Mwangaluka, baba." Akaitikia. Nikamwonyesha fomu, na mahali pa mzazi kuweka sahihi.

"Unataka nini humo?"

Nilikuwa nimeiandika kwa wino kabla ya kutoka ndani, ili nisipate pa kurudi. "Mifugo. Nafasi zote tatu."

Akaichukua fomu, akaigeuza nyuma na mbele. Kisha akasema, "Utakuwa ukiwaambia watu? Hata wakubwa? Hata wakicheka?"

"Nitawaambia."

"Hujui kama utaweza."

"Sijui, baba. Lakini nitawaambia."

Akaandika jina lake, herufi kubwa, moja moja, akiegemeza karatasi kwenye mti wa lango.

Shuleni mwalimu alikuwa anapokea fomu mezani, anazisoma kwa sauti. Alipofika kwangu akainua miwani. "Mifugo, mifugo, mifugo. Wewe? Wewe ambaye hata kujibu 'nipo' hatukusikii?" Darasa likaangua kicheko, mmoja akatoa mlio wa ng'ombe. "Hapa chini andika ualimu, kama akiba. Nakushauri kama mzazi."

"Hapana, mwalimu," nikasema, na sauti yangu nikaisikia mpaka ukuta wa nyuma. "Iache hivyo."

Nilisimama pale mezani, wenzangu wakinipita, mpaka nilipoona ameiweka katikati ya zile nyingine na kuzifunga zote kwa uzi.